Springi za upepo kwa safari za porini: zipi za kununua, zipi za kuziachia lami

Mtu akitaka gari la kwenda Katavi au Ziwa Natron, haichukui muda kabla hajaniuliza: "Hivi hizi springi za upepo zinasumbua kweli?" Ni zile za mifuko ya mpira iliyojazwa upepo badala ya chuma. Mimi humrudishia swali: zikifa saa kumi jioni kati ya Engaruka na Ngaresero, utafika? Hakuna springi isiyokufa. Kwa hiyo nimezipanga kwa namna zinavyokuacha zikishakufa. Raha ya kukalia nimeiweka pembeni.

1. Vyuma bapa nyuma. Hizi ni Land Cruiser 78 na 79. Tangu 1999 mbele zina koili (chuma kilichoviringishwa), lakini nyuma ni vyuma bapa vilivyopangana kama vya lori. Ukienda bila mzigo zinakurusha hadi kiuno kilalamike. Lakini chuma kimoja kikikatika, vilivyobaki vinabeba. Fundi wa kijijini anakaza kwa kamba ya tyubu na kipande cha mti, mnaondoka. Magari mengi ya watalii pale Arusha, yale yaliyorefushwa chesisi, yametokana na hizi.

2. Koili kote. Prado ya koili, Land Cruiser 80, Nissan Patrol Y61. Kwa familia, hapa ndipo ningeweka hela yangu. Koili ikivunjika gari linainama upande mmoja, lakini linatembea. Ukibeba mizigo mingi, weka koili ngumu nyuma.

Wapo wanaoongeza mifuko midogo ya upepo ndani ya koili ili gari lisikae chini nyuma. Sina ugomvi nayo, ilimradi usijaze kupita kiasi. Kwenye pikapu za vyuma bapa ni habari nyingine: mfuko unasukuma chesisi sehemu moja tu. Ukirundika mzigo mbali nyuma ya ekseli, kisha ukapiga mashimo kwa kasi, chesisi inaweza kupinda. Australia wanaijua vizuri hadithi hiyo.

3. Upepo nyuma peke yake. Baadhi ya Prado 120 na 150 zinazotoka Japani ziko hivi. Ziko chache, kwa hiyo chungulia chini kabla ya kulipa. Habari njema ni kwamba mfuko umekaa pale pale ambapo koili ingekaa, na kubadili kwenda koili ni kazi ya kawaida ya gereji. Bei ikiwa nzuri, nunua, ila weka kando hela ya koili.

4. Upepo magurudumu yote manne. Discovery 3, Discovery 4 na Range Rover za rika lao. Niseme ukweli: zikiwa nzima, hakuna kitu kitamu kama hiki. Discovery 3 ya upepo ikinyanyuka inavuka maji ya sentimita 70. Ya koili inaishia 60.

Tatizo ni mnyororo wake. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na mengi tunayoagiza yana miaka zaidi ya 10. Mpira ukianza kuvuja kidogo, kompresa inafanya kazi muda mrefu kufidia. Inapata moto, kikaushio cha unyevu kinachoka, maji na vumbi vinaingia kwenye vali, rilei (swichi ya umeme ya kompresa) inaganda, mwisho kompresa inaungua. Ukibadilisha kompresa bila kutafuta pa kuvuja, umenunua kompresa mbili.

Niliwahi kusafiri na jamaa mwenye gari la aina hii (silitaji jina) kwenye ile njia iliyojikunja kama bati. Kilichovunjika ni kijiti cha plastiki kinachoshika sensa ya urefu, kitu cha ukubwa wa kidole. Gari likalala upande mmoja, taa ikawaka, tukatembea mwendo wa ng'ombe hadi Mto wa Mbu. Kompresa ilikuwa nzima kabisa.

Ukilipenda gari hili, sikukatazi. Beba rilei, sensa moja, kipande cha bomba la upepo na viungio vyake. Pia mwambie fundi akuwekee vali za kujazia kama za tairi, ili mfumo ukizima ujaze kila mfuko kwa pampu ya tairi.

5. Range Rover P38, 1994 hadi 2001, nayo ya upepo kote. Ikikasirika, kompyuta inafunga mfumo, gari linakaa juu ya vizuizi vya mpira, na kuifungua kunataka kifaa cha kompyuta. Kwa harusi mjini, sawa.

Kabla ya kulipa namba 3 au 4, nenda jioni. Pima kwa futi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, andika. Rudi asubuhi kabla gari halijawashwa, upime tena. Usitegemee jicho, kwa sababu Discovery hujisawazisha yenyewe hata ikiwa imezimwa, hivyo inaweza kushuka yote bila kuinama. Kisha liwashe, linyanyue hadi juu, nyunyiza maji ya sabuni kwenye mifuko na viungio. Povu likichemka, umeona pa kuvuja. Muuzaji akikuambia taa ya saspensheni "ni sensa tu hiyo", mwambie aibadilishe yeye kwanza, wewe utarudi kesho.