Tela la boti kwa wa Moshi na Arusha: alumini, chuma cha rangi au chuma cha zinki?

Anayenunua tela la boti akiwa Tanga ana adui mmoja wa kumfikiria, nao ni chumvi. Sisi wa Moshi na Arusha tuna hesabu ndefu zaidi, kwa sababu tela letu hukaa barabarani kuliko majini, na maji yenyewe si ya aina moja. Kuna Bwawa la Nyumba ya Mungu kusini mwa Moshi, linalopokea maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu. Kuna Ziwa Duluti pale Tengeru. Kuna maziwa ya magadi. Kisha kuna bahari, ambayo kwa wengi wetu maana yake ni Tanga au Pangani, safari ya kupita Same, Mombo, Korogwe, Segera na Muheza. Tela linalodumu miaka mingi kwenye bwawa linaweza kuoza haraka likizoea bahari, na linalofaa baharini linaweza kupasuka kwenye barabara ya vumbi.

Naanza na mpangilio, sababu zitafuata. Kwa mtu atakayepeleka boti kila mahali, namba moja ni chuma kilichochovywa kwenye zinki, mbili ni chuma cha rangi kilichotengenezwa kwa uangalifu, tatu ni alumini. Kwa mtu wa bahari pekee, zinki inabaki juu, alumini inashika ya pili, na chuma cha rangi kinashuka mkiani. Kwa mtu wa Nyumba ya Mungu au Duluti pekee, chuma cha rangi ndicho namba moja, na hela inayobaki aiweke kwenye matairi na beringi.

Alumini

Sifa ya alumini inaanzia kwenye uzito. Chuma cha mita moja ya ujazo kina kilo 7,850 hivi, alumini ya ujazo huohuo ina kilo 2,700. Muuzaji hupenda kuishia hapo. Asichosema ni kwamba kipande cha alumini hunepa karibu mara tatu ya kipande cha chuma chenye vipimo vilevile. Ili fremu isiyumbe, mtengenezaji analazimika kutumia boriti kubwa zaidi, na sehemu ya ule unafuu wa uzito inarudi. Pia hakuna tela lililo alumini tupu. Ekseli, springi, habu (kitovu cha gurudumu), ringi, na mara nyingi kichwa cha kuungia kwenye gari, ni chuma. Kinachopungua uzito ni fremu peke yake. Kama unavuta boti ya faiba ya mita tano kwa Prado au Hilux, hutaona tofauti ya maana. Kama gari lako ni RAV4, utaiona ukipandisha, na hapo alumini inastahili kufikiriwa.

Baharini alumini inajitetea vizuri, kwa sababu hujifunika utando mwembamba mgumu unaozuia chumvi, na ukikwaruzwa hujirudia wenyewe. Lakini utando huo una udhaifu mmoja ambao watu wa kaskazini tunapaswa kuujua kuliko mtu yeyote: magadi. Anayechemsha maharage kwa magadi ameona sufuria ya alumini inavyogeuka nyeusi ndani. Ni kazi ileile. Magadi huyeyusha utando na kuifikia alumini yenyewe. Kampuni ya utalii inayobeba mitumbwi ya kupiga makasia kwenda Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, au kwenda Manyara, isinunue tela la alumini na kulizamisha humo. Ziwa Natron ndilo kali kupita yote, na huko hata kutia gurudumu majini sishauri, liwe tela la aina gani.

Adui wa pili ni metali nyingine. Alumini ikigusana na bolti za stenlesi au shaba mahali penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kagua kila bolti: lazima kuwe na washa ya plastiki au nailoni katikati. Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kwa mbali, mara nyingi zina shaba ndani yake. Zikilazwa moja kwa moja juu ya alumini huila polepole mahali usipopaona. Weka mpira katikati.

Ila kilichonifanya niishushe hadi namba tatu ni barabara. Chuma kikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani kinaweza kutikiswa mamilioni ya mara kisichoke. Alumini haina kiwango hicho. Kila mtikisiko unaacha alama, na siku moja ufa unaonekana, kwa kawaida kwenye tundu la bolti au kando ya mshono. Sasa fikiria barabara ya vumbi yenye mawimbi kuelekea bwawani, na matuta yasiyoisha ya barabara ya Arusha. Zaidi ya hapo, joto la kuchomelea hulainisha alumini pembeni mwa mshono, ndiyo maana matela mazuri ya alumini hufungwa kwa bolti na hayachomelewi.

Ufa ukitokea, nani ataziba? Mafundi alumini tunao wengi, na wanafanya kazi nzuri, lakini ni wa madirisha na milango: riveti, skrubu na silikoni. Kuchomelea boriti ya alumini kunataka mashine yake, gesi ya agoni na mkono uliofundishwa. Wapo wachache. Mtafute huyo fundi kabla ya kununua tela, na umwulize kama amewahi kuchomelea kitu kinachobeba mzigo. Fundi wa chuma, kwa upande mwingine, utampata Himo, Mwanga, Same na Mombo, hata siku ya Jumapili.

Chuma cha zinki

Hapa sisemi rangi ya silva. Nasema fremu nzima imetumbukizwa kwenye beseni la zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi 450 hivi, mpaka zinki ikashikamana na chuma nje na ndani ya mabomba. Uzuri wa zinki ni kwamba hujitoa mhanga. Ukikwaruza mpaka chuma kionekane, zinki iliyo jirani huliwa kwanza na chuma kinabaki salama kwa muda mrefu. Rangi haina uwezo huo.

Kazi hiyo haifanyiki kando ya barabara, ni ya kiwanda. Kwa hiyo matela mengi ya zinki tunayoyapata ni ya kuagiza au mtumba. Kuna njia ya mkato ambayo mafundi hupendekeza: kununua mabomba ya gavanaizi, yaani yaliyokwisha kutiwa zinki, na kuyachomelea. Ikatae, au uikubali ukijua mipaka yake. Moto wa kuchomelea unaunguza zinki palepale kwenye mshono, mahali panapohitaji kinga kuliko pengine pote. Moshi wake pia humpa fundi homa na kifua, kwa hiyo kama kazi hiyo lazima ifanyike, zinki isagwe kwanza kwa grenda na kazi ifanyike nje penye upepo.

Namna ya kutambua zinki ya kweli: chungulia ndani ya bomba. Kama nje ni kijivu na ndani ni kahawia, hiyo ni rangi. Zinki halisi huwa na maua-maua ya kijivu au weupe uliofubaa, na pembeni huwa na matone madogo yaliyoganda. Beba sumaku pia. Ikinasa, ni chuma; isiponasa kabisa, ni alumini, hata kama muuzaji ameipaka rangi.

Chuma cha rangi

Hapa ndipo wengi wetu tutaangukia, na sioni aibu yoyote. Tela la chuma linalotengenezwa Moshi au Arusha na fundi mzuri ni kitu cha kujivunia, maadamu mnunuzi anasimama pale na kueleza anachotaka. Tatizo la chuma cha rangi halianzii kwenye rangi ya nje. Linaanzia ndani ya bomba la mraba, ambako maji yameingia kwa tundu la bolti, yakakaa, na kutu ikala kutoka ndani huku nje kukimeremeta. Siku bomba linapokatika, mwenye tela husema halikuwa na dalili.

Kwa hiyo mwambie fundi mambo haya, na uyaandike kwenye makubaliano. Fremu iwe ya chaneli iliyo wazi, yaani boriti yenye umbo la U, ambayo unaweza kuiona, kuiosha na kuipaka kila upande. Kama lazima bomba la mraba litumike, ama lizibwe kabisa kwa mshono usio na upenyo, ama liachwe wazi ncha zote na kutobolewa matundu ya kutolea maji upande wa chini. Katikati ya hayo mawili ndiko kutu inakoishi. Matundu yote yatobolewe kabla ya rangi. Ukoko wa kuchomelea ugongwe na kusagwa, mafuta ya kiwandani yaoshwe kwa petroli au thina, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, ya kwanza ikauke vizuri kabla ya ya pili, na rangi ya mafuta juu yake. Fundi mwenye haraka hupaka asubuhi na kukukabidhi jioni. Mnyime nusu ya hela mpaka umepita kidole chini ya fremu, upande asiotarajia uuguse.

Springi na ekseli zisichomelewe pamoja. Zifungwe kwa yu-bolti ili zibadilishike. Ekseli ya gari lililokufa inafaa kwa boti nzito, lakini kwa boti ndogo ni mzigo wa bure. Mahali boti inapolala, weka mbao mbili ndefu zilizofunikwa zulia, zibebe tumbo la boti kwa urefu. Faiba ikikaa juu ya nukta chache ngumu huingia ufa.

Baada ya hapo, kila mwaka kabla ya mvua za masika, zunguka na brashi ya waya na kopo dogo la rangi. Mkwaruzo wa leo ukifunikwa leo, tela hilo linaweza kukaa bwawani miaka na miaka. Ukilipeleka Pangani, lioshe kwa maji mengi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kabla ya kulala, mpaka ndani ya ringi. Chumvi ikishakauka kwenye mikunjo haitoki kirahisi.

Mtumba

Tela la rangi lililotoka pwani silishauri hata kwa bei ya kutupwa, kwa sababu kilicho ndani ya mabomba hukioni. Kama umelipenda kweli, gonga fremu kwa nyundo ndogo toka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya kufa. La zinki kutoka nje ni bora zaidi, lakini angalia magurudumu. Matela ya Marekani hupenda matairi madogo ya inchi 12, na ukipasukiwa njiani utasumbuka. Nafuu ni kwamba ringi zake nyingi zina nati tano kwenye duara la milimita 114.3, kipimo kilekile cha RAV4. Kama nafasi ya juu ya tairi inaruhusu ringi kubwa, na tundu la katikati la ringi linaingia kwenye habu, unaweza kuondokana na shida hiyo, na tairi la akiba likawa la kawaida.

Yanayohusu matela yote

Beringi huua matela mengi kuliko kutu. Ukitoka Moshi hadi baharini, habu inafika ikiwa ya moto. Ukiitumbukiza majini papo hapo, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupita sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke. Pumzika nusu saa, kunywa chai, gusa habu kwa mkono, na ikiwa imepoa ndipo ushushe boti. Tumia grisi isiyooshwa na maji.

Uzito unaokandamiza nyuma ya gari uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa tela na boti kwa pamoja. Ukiwa mdogo, tela litaanza kuyumba kwenye mteremko. Sogeza boti mbele kidogo. Kumbuka tela husajiliwa kwa namba yake, mbali na ya gari, kwa hiyo mtumba usio na karatasi ni hasara hata kama fremu ni mpya.

Mwisho, pima lile tufe la chuma nyuma ya gari lako. Kuna la milimita 50 na kuna la inchi 2, yaani milimita 50.8, na kwa macho yanafanana kabisa. Kichwa cha inchi 2 juu ya tufe la milimita 50 kinaonekana kimefunga, lakini kina nafasi ya kucheza, na kwenye tuta kubwa kinaweza kuchomoka. Namba huwa imegongwa juu ya tufe na juu ya kichwa cha tela. Zisome zote mbili kabla ya kulipa, na minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya kichwa hicho.