Gari jipya Marekani: ofa za viwanda, kuanzia inayolipa hadi ya kelele tupu

Kampuni ya magari haipunguzi bei ya gari linalogombaniwa. Ukikuta modeli moja haina ofa yoyote huku mshindani wake anatoa dola 4,000 papo hapo, usihangaike kujua nani mkarimu. Tafuta yadi ya nani imejaa. Ndiyo maana naanza na takwimu za mauzo kabla ya kuzipanga ofa zenyewe, nikiwalenga ndugu zetu walioko Minnesota, Texas, Ohio na kwingineko Marekani, ambako wastani wa bei ya gari jipya ulivuka dola 50,000 mwezi Septemba 2025.

Mwezi unasema nini

Toyota, Honda, Hyundai na Kia hutangaza mauzo yao kila mwezi. General Motors iliacha mwaka 2018 na kuhamia robo mwaka, kwa hoja kwamba siku 30 ni chache mno kuonyesha mwelekeo wa kweli. Nadhani walikuwa na haki, ingawa mnunuzi ananufaika na hizo hizo siku 30 wanazozidharau.

Namba utakayoiona sana kwenye habari ni kasi ya mwaka: mauzo ya mwezi mmoja yanarekebishwa kulingana na msimu, kisha yanahesabiwa kana kwamba mwaka mzima ungeenda hivyo. Oktoba 2001 kasi hiyo ilipita milioni 21, kwa sababu baada ya mashambulizi ya Septemba 11 General Motors ilitangaza mikopo isiyo na riba na wenzake wakafuata. Machi 2025 ilikaribia milioni 18, watu wakiwahi kabla ya ushuru wa asilimia 25 kwa magari ya nje ulioanza Aprili. Septemba mwaka huo ikawa zamu ya magari ya umeme, maana nafuu ya kodi ya dola 7,500 ilikuwa inakufa tarehe 30. Oktoba mauzo yake yakaporomoka.

Kilele cha namna hiyo kina maana kwamba wanunuzi wa miezi ijayo wameshanunua. Miezi inayofuata yadi hupoa, na hapo viwanda hurudi na ofa. Anayenunua kwenye mbio analipa bei ya mbio.

Tahadhari moja: mauzo kushuka peke yake si dalili ya punguzo. Mwaka 2021 na 2022 mauzo yalikuwa chini kwa sababu chipu za kompyuta ziliadimika na magari hayakuwepo. Madila (yaani mawakala wenye leseni ya kuuza chapa fulani) walidai hata zaidi ya bei iliyobandikwa kiooni, na mwaka 2022 ofa za viwanda zilishuka hadi asilimia 2 hivi ya bei. Kwa hiyo tazama mauzo pamoja na akiba, yaani magari yaliyoko yadini yakipimwa kwa siku ambazo yangechukua kuisha kwa kasi ya mauzo iliyopo. Kwa mazoea ya biashara hii, akiba ya siku 60 ni ya kawaida. Ikivuka 100, dila anabeba riba ya mkopo aliochukua kuyaleta magari hayo, na ana haraka kuliko wewe. Huhitaji ripoti ya kulipia. Ingia kwenye tovuti za madila wa eneo lako, hesabu modeli unayoitaka, halafu angalia kama ya mwaka unaokwisha bado imejaa wakati ya mwaka ujao imeshafika.

Jambo la mwisho kabla ya kupanga: pesa zinatoka mifuko miwili, wa kiwanda na wa dila. Patana na dila bei ya gari kwanza, kana kwamba ofa ya kiwanda haipo. Ukishafikia mwisho wake ndipo uilete. Ukianza nayo, ataihesabu kama ukarimu wake. Na upatane bei nzima. Yule anayekuuliza "unaweza kulipa ngapi kwa mwezi?" anataka kurefusha mkopo hadi miezi 84 bila wewe kuhisi.

1. Riba sifuri

Kwa mwenye historia nzuri ya mkopo, hii ndiyo ofa bora, na haina mshindani wa karibu. Chukua gari la dola 35,000. Kiwanda kinakupa uchague: riba sifuri kwa miezi 60, au punguzo la dola 3,000 taslimu halafu ukope kwingine. Ukikopa dola 32,000 benki kwa asilimia 7, utalipa kama dola 634 kwa mwezi, jumla takriban 38,020. Kwa riba sifuri unalipa 583 kwa mwezi na jumla inabaki 35,000. Tofauti ni dola 3,000 na ushee.

Sasa geuza kidogo. Kiwanda badala ya sifuri kinatoa asilimia 3.9, neno "maalumu" likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Jumla inafika kama dola 38,580, na hapo kuchukua zile 3,000 na kukopa benki kunakuwa nafuu zaidi kwa dola 560 hivi. Riba "ndogo" si lazima iwe nafuu. Piga hesabu ya jumla kila mara, na ulinganishe kwa muda uleule.

Kikwazo ni alama za mkopo, ile kredi ambayo kila mgeni anahangaika kuijenga. Riba sifuri hutolewa kwa wenye alama za juu, na aliyeingia nchini juzi mara nyingi hana alama kabisa. Kwa Muislamu anayekwepa riba, ofa hii inavutia kwa sababu nyingine, ila mkataba huwa na faini ya kuchelewesha malipo. Usome kifungu hicho na umuulize shekhe wako kabla ya kusaini.

2. Taslimu ya kiwanda

Inamfaa anayelipa kwa pesa yake, anayekusudia kumaliza mkopo ndani ya miaka miwili, au aliyepata mkopo mzuri kwenye chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Vyama hivyo vya Marekani ni ndugu wa SACCO zetu, na mara nyingi riba zao huwa chini ya za benki. Nenda dila ukiwa na barua ya mkopo mkononi. Kumbuka pia kwamba katika majimbo mengi kodi ya mauzo hukokotolewa kabla ya kuondoa punguzo la kiwanda, hivyo dola 3,000 zinaweza kuwa pungufu kidogo.

Tukiwa kwenye kodi: kuanzia 2025 hadi 2028 mkopaji anaweza kutoa hadi dola 10,000 za riba kwa mwaka kwenye kipato kinachotozwa kodi ya serikali kuu, mradi gari ni jipya na limeunganishwa Marekani, na kipato chake hakijavuka ukomo. Namba ya chasisi ikianza na 1, 4 au 5, limeunganishwa huko.

3. Pesa anayopewa dila kimyakimya

Kiwanda humlipa dila bonasi kwa gari au kwa kufikisha idadi fulani ya mwezi. Hii haitangazwi, na huwezi kuidai kwa jina. Unaipata kwa kuchagua siku. Mwisho wa mwezi, dila aliyebakiza magari mawili kufikia lengo anaweza kukuuzia moja kwa hasara ili bonasi ya mengine yote iingie. Mwezi wao wakati mwingine hufungwa siku mbili tatu ndani ya mwezi unaofuata, kwa hiyo ofa ya sikukuu ya wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, inaweza kuwa inahesabiwa Agosti. Desemba ni bora zaidi kwa kuwa mwezi, robo na mwaka vinafungwa pamoja. Tuma ujumbe kwa madila wanne kwa modeli ileile na uombe bei ya mwisho kwa maandishi, ikiwa na kodi na ada zote.

4. Kukodi kwa mkataba wa miaka 3

Malipo ya mwezi huwa madogo kwa sababu unalipia hasa thamani ambayo gari linapoteza, na huwa madogo zaidi kiwanda kinapopandisha kwa makusudi thamani ya gari mwishoni mwa mkataba. Lakini maili zina kikomo, mara nyingi 10,000 au 12,000 kwa mwaka. Anayefanya kazi ya kubeba abiria au kupeleka vyakula aachane nayo kabisa.

5. Vipunguzo vya wahitimu, wanajeshi na wateja wa zamani

Ni mia tano hapa, elfu moja pale. Mara nyingi huongezwa juu ya ofa nyingine, kwa hiyo uliza, uchukue, uende zako.

6. "Bei ya mfanyakazi"

Ni kumuuzia kila mnunuzi kwa bei wanayopewa wafanyakazi wa kiwanda. General Motors ilianza kampeni hii Juni 2005, na Ford iliirudia Aprili 2025. Inamfaa asiyeweza kupatana bei. Mtu aliyezoea Kariakoo au Gikomba atapata zaidi kwa mdomo wake.

7. "Usilipe chochote kwa siku 90"

Ya mwisho kwa haki yake. Isipokuwa mkopo uwe wa riba sifuri, kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa tangu siku unayochukua funguo.

Ofa yoyote utakayochagua, ukifika mezani kusaini tafuta mstari wa ada ya makaratasi. California imeiwekea ukomo wa dola 85. Florida haina ukomo, na huko si ajabu kukuta karibu dola 1,000. Kama dila haishushi, mwambie aikate kwenye bei ya gari.