Sproketi ya nyuma ya meno 42 kwenye milima ya Lushoto: uzoefu wangu

Kama kazi yako ni kubeba mizigo kwenye milima ya Usambara, kuongeza meno ya sproketi ya nyuma, yaani gurudumu la meno linalovutwa na cheni, kunalipa. Nazungumzia pikipiki ya Kichina ya cc 150, injini ya mtindo wa Honda CG, cheni ya saizi 428, iliyokuja na meno 15 mbele na 38 nyuma. Yangu inatoa kabichi na viazi shambani hadi sokoni Lukozi, na mara nyingine inashuka hadi Mombo.

Kwa meno 38 pikipiki ilikuwa tamu kwenye lami ya chini. Ukiipakia magunia na kuielekeza mlimani, hadithi nyingine: gia ya pili inazidiwa, ya kwanza inalia mpaka huruma, na dereva anaishia kucheza na klachi mpaka inanuka. Klachi za kijiwe chetu zilikuwa zinaisha kwa namna hiyo, wala si kwa ubovu wa injini.

Hesabu yake ni nyepesi. 38 ukigawanya kwa 15 unapata 2.53, 42 kwa 15 ni 2.8. Maana yake nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa karibu asilimia 10 katika kila gia. Lakini hakuna cha bure: mzunguko wa injini uliokuwa unakupa kilomita 70 kwa saa sasa unakupa 63. Mafundi wengi hushauri upunguze jino moja mbele badala yake, na kwa anayetaka kujaribu tu ni ushauri mzuri, kwa sababu sproketi ya mbele ni ya bei rahisi na 38 kwa 14 inakupa 2.71. Mimi sikutaka kuishi na jino 14 mbele. Cheni inapopita kwenye sproketi ndogo inajikunja zaidi, na ya mbele ndiyo inayoumia kwanza kwenye vumbi letu.

Sproketi ya meno 42 yenye matundu yanayolingana na habu yangu (kitovu cha gurudumu inapofungwa) sikuipata madukani. Zilizokuwapo zilikuwa za pikipiki nyingine, na muuzaji mmoja alikuwa tayari kunipanulia tundu la kati kwa tupa papo hapo. Hilo likatae kabisa. Tundu la kati ndilo linaloiweka sproketi katikati ya gurudumu. Likienda kombo hata kidogo, cheni itakaza upande mmoja na kulegea upande mwingine kila gurudumu linapozunguka. Nikapeleka sproketi ya zamani kwenye karakana ya lathe (mashine ya kuchonga chuma) mjini Tanga. Fundi alipima kwa kalipa tundu la kati, umbali kati ya matundu manne ya bolti, na unene wa meno, ambao kwa cheni ya 428 ni karibu milimita 7. Ukimwona fundi anakadiria kwa macho, chukua sampuli yako uondoke.

Aliniuliza chuma au aluminiamu. Aluminiamu ni nyepesi na inapendeza, inawafaa wa mashindano. Kwa anayebeba magunia, wepesi wa gramu chache haumsaidii kitu, na matope yenye mchanga yanaila haraka. Nikachukua chuma, meno yakachomwa na kupozwa ili yakomae. Tulijaribu kwa tupa pembeni ya jino: ilipokuwa bado haijachomwa, tupa iliuma na kuacha alama nyeupe; baada ya kuchomwa, iliteleza tu kwa mlio mkali. Jaribio hilo ni la nusu dakika na ndilo linalokuonyesha unanunua nini. Mwenzangu kijiweni alivutiwa na moja iliyopakwa rangi ya dhahabu, na kabla masika hayajaisha meno yake yalikuwa yamepinda kama ndoano.

Bei ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kawaida ya dukani. Ongeza na cheni mpya, maana kufunga sproketi mpya na cheni iliyovutika ni kuiua sproketi. Cheni yenyewe iwe ndefu kwa pingili mbili, la sivyo gurudumu litasogezwa mbele mpaka marekebisho yaishe. Pia kipenyo cha sproketi ya 42 kinazidi cha 38 kwa takribani milimita 16, kwa hiyo angalia kava la cheni. Langu lilikuwa linagusa kwa chini, tukalisogeza. Baada ya kufunga, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zungusha gurudumu polepole huku kidole kikibonyeza cheni katikati kwa chini. Mchezo wake, yaani ulegevu, ubaki uleule mzunguko mzima. Wangu ulibaki.

Barabarani, tofauti niliihisi siku ya kwanza kwenye kona za kupanda kutoka Soni. Gia ya pili inashika na mzigo, klachi imepumzika. Faida ambayo sikuisikia kwa muuzaji yeyote ni ya kushuka: injini inazuia pikipiki vizuri zaidi, na ukiteremka Mombo kwa gia ya pili huhitaji kung'ang'ania breki mpaka ngoma za breki ziwake moto. Kwangu hilo peke yake linatosha kuilipia. Spidomita haikubadilika, maana kwenye pikipiki hizi kebo yake inatoka gurudumu la mbele.

Kwenye tambarare utalipa. Injini inalia zaidi kwa mwendo uleule, na mafuta yanaliwa zaidi. Anayeshinda kwenye lami kati ya Korogwe na Segera abaki na 38 zake. Meno 45 nayo nimeyaendesha kwenye pikipiki ya jirani: inapanda ukuta, lakini gia ya kwanza inakwisha kabla hujakaa sawa, na kwenye lami malori yanakusukuma kwa honi. Hiyo ni ya asiyetoka kabisa mlimani. Seti ijayo naagiza tena 42 kwa fundi yuleyule, mbele nabaki na 15.