Wanajiita huduma ya kujazia vyombo, ila dumu langu safi wamelikataa

Nisiwasingizie kwa sababu nina hasira: sabuni yao ni nzuri. Ya vyombo inakata mafuta, ya kufulia haikaushi mikono, na harufu haikai puani siku nzima. Ingekuwa shida yangu ni sabuni tu, ningewasifia nikaenda zangu. Lakini sabuni ipo kila duka. Mimi niliwafuata wao kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: njoo na chombo chako, tukujazie, tupunguze taka za plastiki.

Basi majuzi nikaenda na chombo changu.

Ni dumu jeupe, lile lisiloonyesha ndani. Ukiligeuza, kitakoni kuna pembetatu ya mishale na namba 2. Hiyo ni polietilini nzito, plastiki ileile inayotengenezewa chupa nyingi za sabuni na za dawa za usafi, kwa kuwa haiharibiwi upesi na vitu hivyo. Ndani yake haijawahi kuingia kitu kingine zaidi ya sabuni ya vyombo. Nililisuuza mpaka maji yakatoka bila povu, nikasugua mizunguko ya kifuniko kwa mswaki wa zamani, kisha nikaliinamisha likauke usiku kucha. Naomba wanaojaza vyombo nyumbani wasidharau hapo kwenye kukausha. Ukimimina sabuni mpya juu ya masalia ya zamani, tena kwenye chupa yenye majimaji, bakteria wanaweza kuzaliana humohumo ndani ya sabuni. Hata kwenye hospitali inashauriwa kutoongezea sabuni juu kwa juu bila kuosha chombo kwanza. Lebo ya zamani nilikuwa nimeibandua na gundi yake yote, nikaandika upya kwa wino usiofutika: SABUNI YA VYOMBO.

Mhudumu hakulishika. Hakufungua hata kifuniko. Alilitazama mara moja, akasema:

"Dada, hilo siyo la kwetu."

"Samahani kaka, pale mlangoni pameandikwa nije na chombo changu."

"Chombo chako ulichonunua hapa."

Akaninyooshea kidole kwenye rafu. Chupa mpya kabisa, zimepangwa safu kwa safu, na kila chache zimefungwa pamoja kwa nailoni. Nikaomba kuona moja. Nikaigeuza. Namba 2! Plastiki ileile ya dumu langu, rangi ileile, ila ina nembo yao. Yaani ili nisaidie kupunguza plastiki, niongeze plastiki nyingine nyumbani, na dumu langu zima nikalitupe.

Nilipomuuliza sababu, akasema hawezi kujua mteja alikuwa ameweka nini. Hapo nilinyamaza kidogo, maana hoja ina uzito. Chupa iliyobaki na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini ukiitia kisafishio cha choo chenye asidi, inatoka gesi ya klorini, na gesi hiyo inaumiza mapafu. Chupa iliyokuwa na dawa ya kuua wadudu hairudiwi, uioshe namna gani. Mhudumu anayekataa vyombo vya aina hiyo analinda watu, na ningemuunga mkono. Lakini huyu hakuuliza dumu lilikuwa na nini. Nikamwambia, kaka, una haki ya kuhakikisha, basi lifungue, linuse, mulika ndani. Hakunyoosha mkono.

Akaja na nyingine: eti mizani yao imepangwa kwa uzito wa chupa zao, kwa hiyo dumu langu litaharibu hesabu. Mizani yenyewe ipo mbele yangu, ya kidijitali, ina kitufe cha kurudisha sifuri. Unaweka chombo kitupu, unabonyeza, inasoma sifuri, unajaza, mteja analipia sabuni peke yake. Ni kazi ya kupepesa jicho. Nikamwonyesha kitufe. Jibu nililopata ni hili: "Dada, kama hutaki chupa, pisha wengine."

Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja na chupa yake ya zamani mkononi. Aliposikia hayo akairudisha kwenye kikapu, akageuka akaondoka. Mimi wa kubishana nipo, nitabishana. Lakini yule mzee ndiye hasa mtu ambaye huduma kama hii ilianzishwa kwa ajili yake, na amefukuzwa bila hata kusemeshwa.

Kuna watakaosema nakuza mambo, chupa moja tu, ninunue kisha nipeleke ya zamani ikarejelezwe. Jamani, tuangalie hesabu. Mwaka 2017 watafiti Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law walichapisha makadirio ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani hadi 2015: tani bilioni 8.3. Kati ya hizo, tani bilioni 6.3 zilikuwa zimeshakuwa taka. Zilizorejelezwa ni kama asilimia 9, zilizochomwa asilimia 12, na asilimia 79 zilibaki kwenye madampo au kuzagaa kwenye mazingira. Kwa hiyo ukiniambia nitoe dumu zima likarejelezwe, unaniambia nilitupe. Chombo kinachopunguza taka kuliko vyote ni kile ambacho tayari kipo chini ya sinki lako. Chupa mpya, hata iwe na maneno mazuri kiasi gani ubavuni, inahitaji kujazwa mara nyingi ndipo ilipie mafuta na nishati iliyoitengeneza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanajua kuifanya kazi hii. Kitambo nyuma, nilipoanza kwenda, nilihudumiwa na binti mmoja na dumu hilihili. Alifungua kifuniko, akanusa, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akauliza, "Lilikuwa na sabuni gani, dada?" Akalipima tupu, akarudisha sifuri, akajaza mpaka begani, siyo mpaka mdomoni, ili lisitapike njiani. Koki ilipoacha uzi mwembamba wa sabuni ukining'inia, aliusubiri ukatike, akafuta shingo ya dumu kwa kitambaa ndipo akalifunga. Nilifurahi mno. Niliwaambia majirani. Wengine walianza kutunza chupa zao kwa sababu ya maneno yangu, na sasa sijui niwaambie nini.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota tatu: sabuni nzuri, wazo zuri, mhudumu mmoja mbaya. Nikadhani haki ni kuwaambia muende, ila mchague siku ya yule binti. Lakini hapana. Mteja anajuaje ni zamu ya nani? Kama utaratibu ni kupokea vyombo vya watu, huyu kaka asingekuwa na ujasiri wa kunijibu vile. Na kama utaratibu ni kuuza chupa zao tu, basi yale maneno ya mlangoni ni uongo, na yule binti alikuwa anavunja sheria kwa wema wake. Nimewaandikia kuuliza ni lipi kati ya hayo mawili, na mpaka sasa kimya.

Naweka nyota moja. Wakiandika utaratibu wazi ukutani, chombo gani kinapokelewa, kipi kinakataliwa na kwa nini, na kila mhudumu akafungua kifuniko kabla ya kufungua mdomo, nitakuja hapa kubadilisha. Kwa sasa ukienda, uliza kabla hujatoka nyumbani kama watakujazia chombo ulichonacho. Wakisema lazima ununue chao, baki nacho chako na utafute wanaouza sabuni ya kupima.