Orodha ya banda na orodha ya mashindano: nani mkali kweli kwenye Tekken, gemu la mapigano?

Kwenye banda la gemu Majengo, Moshi, mkali hapangwi kwa hesabu. Anayekufanya uachie padi ndiye wa kwanza, basi. Ndiyo maana mhusika Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira aliyeingia na Tekken 3, anaitwa mchawi. Dogo anabonyeza vitufe vya mateke ovyo, Eddy anazunguka chini kama pia, wewe hujui uzuie juu au chini. Nimeshalipa raundi tatu mfululizo kwa dogo wa darasa la tano. Inauma.

Wachezaji wa mashindano wanapanga kwa kigezo kingine: fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo wa gemu. Sekunde moja ina fremu 60, na pigo jepesi la wengi hutoka kwa fremu 10. Swali lao ni moja: pigo lako likizuiwa, nani anaruhusiwa kupiga kwanza? Hapo Eddy anashuka, kwa sababu aliyekariri mateke yake anazuia, kisha anamwadhibu taratibu.

Orodha yao ina meno. Mfano ni mhusika Leroy Smith, aliyeingia Tekken 7 mwishoni mwa 2019. Januari 2020, kwenye mashindano ya EVO Japan, wachezaji sita kati ya nane bora walimtumia yeye. Baadaye watengenezaji wakampunguza nguvu.

Mimi naamini orodha ya fremu, ila ukija Majengo na Leroy wako bila kujua kumzuia Eddy, beba chenji ya kutosha.