Kusoma miswada ya Msikiti wa Riyadha mtandaoni: uzoefu wangu

Kama unasoma khati ya Kiarabu na una subira, tovuti ya Endangered Archives Programme itakufaa. Huu ni mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa kuhifadhi kwa picha za kidijitali maandishi ya kale yaliyo hatarini kupotea. Ni bure. Mimi huingia zaidi kwenye mkusanyiko EAP466, yaani miswada (vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono) ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ule ulioasisiwa na mwanazuoni Habib Saleh.

Picha ni kali ajabu. Ukivuta karibu unaona matundu ya wadudu na wino uliopenya hadi upande wa pili. Miswada ya namna hii mara nyingi haina nambari za kurasa. Mwandishi huacha chini ya ukurasa neno litakaloanza ukurasa unaofuata. Basi navuta ile pembe ya chini, nalisoma neno, kisha nalitafuta juu ya picha ya pili. Lisipokuwepo, huenda kuna karatasi iliyotoka. Lakini utamu wenyewe uko pambizoni, kwenye maelezo ya wasomaji waliotangulia, mengine yameandikwa kwa mshazari au kichwa chini. Hapo unazungusha picha badala ya kujivunja shingo.

Tumia kompyuta, picha nzito kama hizi zitakumalizia bando la simu. Wala usitarajie kutafuta neno lililo ndani ya kitabu, maana hizi ni picha tu. Unatafuta kwenye maelezo ya orodha, ambayo ni ya Kiingereza, kwa hiyo jaribu tahajia zaidi ya moja: Mawlid, Maulid, Mawlud.

Kwa udadisi, kwenye tovuti hiyo hiyo, niliwahi kuvuka hadi Bhutan, kwenye miswada ya Kibudha ya monasteri ya Gangtey. Kurasa zao ni ndefu na nyembamba, hazishonwi. Hubanwa baina ya mbao mbili na kufungwa kwa kitambaa. Sikuelewa hata herufi moja, na bado nilikaa kutazama hadi adhana ya alasiri.

Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia British Library na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Ndiyo maana naupenda utaratibu wa mradi huu: miswada asilia haiondoki nchini mwake, na nakala ya kidijitali huwekwa huko huko pia.

Nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka orodha ya Lamu iwe na maelezo ya Kiswahili.