Star Analyser 100 kwenye vishada vya nyota: kinaonyesha nini, kinakwama wapi

Kwa klabu ya shule au chuo hapa Nyanda za Juu Kusini iliyo na darubini ya milimita 200 na kamera, Star Analyser 100 ndicho kifaa cha kwanza cha kununua kwa ajili ya kuchambua mwanga wa nyota. Ila anayekitaka ili apime kiasi cha chuma kwenye nyota geugeu (zinazobadilika mwangaza) ajue mapema kwamba hakitamfikisha huko.

Ni kioo cha duara chenye mistari 100 kwa kila milimita, kinachofungwa mbele ya kamera kama chujio la inchi 1.25. Umbali kati yake na sensa ndio unaoamua mambo. Kwa milimita 60 na pikseli za mikroni 3.75, kila pikseli inabeba angstromu 6.25 (angstromu ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Spektra, yaani mwanga wa nyota uliotandazwa rangi kwa rangi, ya kufika angstromu 7,000 inachukua pikseli 1,120, hivyo kwenye sensa ya pikseli 1,280 nyota yenyewe lazima ikae ukingoni. Zungusha kioo mpaka upate upande wenye spektra angavu zaidi, kisha fokasi spektra, si nyota. Ukifokasi nyota, mistari myeusi ya elementi inayokatiza spektra inafifia na utadhani kifaa ni kibovu. Kwa vipimo vya kuanzia tumia nyota ya Vega, ambayo jioni za Julai na Agosti iko upande wa kaskazini: mistari ya haidrojeni ya angstromu 4,861 na 6,563 inaonekana wazi.

Kwenye kishada ndipo kazi inapokuwa ngumu. Kifaa hakina mwanya wa kuchagua nyota moja, kwa hiyo kila nyota inamwaga spektra yake juu ya jirani. Chukua U Sagittarii, Sefeidi (aina ya nyota geugeu) iliyo ndani ya kishada cha M25, ambayo Mbeya hupita karibu na utosi. Zungusha kamera na kioo kwa pamoja hadi spektra yake ilale penye uwazi, piga picha, kisha rudia kwa pembe nyingine. Mstari unaojitokeza kwenye pembe zote mbili ni wa nyota hiyo. Unaojitokeza kwenye moja tu ni uchafu wa jirani.

Jambo linalopotosha watu wengi zaidi ni hili: mstari ukififia, haina maana kwamba elementi imepungua. U Sagittarii hupanda na kushuka mwangaza kwa mzunguko wa siku 6.75, joto lake likibadilika, na mistari yake hubadilika nayo huku kemia ikiwa ile ile. Spektra isiyoandikiwa saa na awamu ya nyota (ilipofika kwenye mzunguko huo) haifai kulinganishwa na nyingine. Hata mistari miwili ya sodiamu, 5,890 na 5,896, kifaa hiki huionyesha kama mmoja. Mistari ya chuma, ambayo ni myembamba na imesongamana, ndiyo haitenganishiki kabisa.

Hali ya hewa yetu nayo ina mchango. Moshi wa kuchoma mashamba unapozidi kwenye Septemba hula mwanga wa buluu, na mistari ya kalsiamu, 3,934 na 3,968, hupotea kwanza. Juni na Julai anga ni safi, lakini baridi ya milima ya Uporoto huleta umande kwenye lenzi. Mkanda wa kupasha joto wa volti 12 ni wa lazima.

Kwa nyota geugeu za aina ya RR Lyrae zilizo kwenye kishada cha Omega Centauri, zenye ukubwa wa karibu 14.5 (kipimo cha mwangaza ambacho namba kubwa ni nyota hafifu), acha kioo kando. Pima mwanga kwa chujio la V (la mwanga wa kijani na njano), chora mchirizo wa mwanga, yaani grafu ya mwangaza kwa muda, wa nyota ya RRab (kundi mojawapo la RR Lyrae), kisha tumia kanuni ya Jurcsik na Kovács ya 1996: [Fe/H] = −5.038 − 5.394P + 1.345φ31. Hapa [Fe/H] ni kiasi cha chuma kikilinganishwa na cha Jua, kwa logi; P ni kipindi kwa siku; φ31 ni namba inayoeleza umbo la mchirizo. Kipindi cha siku 0.55 na φ31 ya 5.0 vinatoa −1.28, yaani chuma takriban sehemu moja ya 19 ya kile cha Jua. Kosa la 0.1 kwenye φ31 linahamisha jibu kwa 0.13, kwa hiyo mchirizo wenye mapengo usiupeleke kwenye kanuni hii, na chagua nyota za pembezoni mwa kishada, maana katikati zimebanana.